Lishe ya Mama Isingoje Mimba

Mkulima wa Masanze, wilayani Kilosa, anaijua miezi migumu ya mwaka bila kuambiwa na mtaalamu. Baada ya mwaka mpya akiba ya ghalani hupungua, mahindi mapya bado yako shambani, na jembe halipumziki. Hapo ndipo milo mitatu inapokuwa miwili, na wa pili ukawa ugali kwa mlenda bila nyongeza. Mwanamke anayeshika mimba mwezi wa Februari huenda asiitambue hali yake mpaka Machi, na huenda asifike kliniki mpaka Juni, mavuno yakiwa yameanza kuingia na sahani imejaa tena. Kwa hesabu ya kliniki, mama huyo amekuja na hali ya kuridhisha. Kwa hesabu ya ubongo wa mtoto, kazi ya kwanza ilikwisha kufanyika wakati wa njaa.

Mrija wa neva, ambao ndio chanzo cha ubongo na uti wa mgongo, hujifunga takribani siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Wakati huo wanawake wengi hudhani tu kwamba hedhi imechelewa. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walithibitisha kwamba mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye kasoro ya mrija huo, akianza kutumia asidi ya foliki kabla ya mimba, uwezekano wa kasoro kujirudia hupungua kwa takribani asilimia 72. Kidonge hichohicho kikianza mwezi wa tano wa ujauzito kinasaidia damu ya mama, lakini hakiwezi kufunga mrija uliobaki wazi. Watoto wa mgongo wazi na kichwa kikubwa wanaofanyiwa upasuaji katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni ushahidi unaoonekana kwa macho.

Madhara ya upande wa akili hayaonekani upesi hivyo. Nchini Uholanzi, katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, vita vilileta njaa kali ya miezi michache. Miongo kadhaa baadaye ilibainika kwamba watu ambao mimba zao zilitungwa njaa ilipofikia kilele walipata ugonjwa wa skizofrenia takribani mara mbili ya wenzao. Uchunguzi uliofanywa China kwa waliozaliwa katika njaa ya 1959 hadi 1961 ulitoa jibu linalofanana. Mara mbili si hukumu: ugonjwa huo huwapata watu wachache, pengine chini ya mmoja katika kila mia, hivyo hata hatari ikiongezeka maradufu, walio wengi mno hubaki wazima. Hata hivyo, nchi mbili zisizofanana kwa chakula wala kwa desturi zimeonyesha jambo moja, nalo halifai kupuuzwa.

Namna madhara hayo yanavyotokea inaeleweka kwa sehemu. Madini ya chuma yanahitajika kutengeneza kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Madini joto yanahitajika ili tezi ya mama itoe homoni ambazo kichanga tumboni huzitegemea katika nusu ya kwanza ya ujauzito. Nako Gambia, ambako wanakijiji wana miezi ya shibe na miezi ya uhaba kama Masanze, watafiti wameona kwamba msimu wa kutunga mimba na chakula alichokuwa akila mama vinahusiana na alama zinazoongoza utendaji wa vinasaba vya mtoto.

Tanzania nayo ina somo lake. Kati ya mwaka 2001 na 2004, jijini Dar es Salaam, wajawazito 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI walishiriki utafiti wa vidonge vya mchanganyiko wa vitamini, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Muhimbili pamoja na Harvard. Uzito pungufu wa kuzaliwa ulipungua kwa asilimia 18. Ni faida kubwa, lakini wanawake hao waliandikishwa kati ya wiki ya 12 na ya 27. Huko Vietnam vidonge vya virutubisho vilitolewa kila wiki kabla ya mimba, na watoto wa mama waliopata mchanganyiko wa virutubisho walipopimwa wakiwa na miaka sita hivi, walipata alama za akili za juu kidogo kuliko wa mama waliopata asidi ya foliki peke yake.

Uaminifu wa kitaaluma unadai kusema pia yasiyothibitika. Uchambuzi mmoja wa kampeni ya vidonge vya mafuta ya madini joto, iliyoanza nchini mwaka 1986, ulidai kwamba watoto waliokingwa wakiwa tumboni walisoma shuleni muda mrefu zaidi. Wengine waliorudia hesabu hizo hawakuona matokeo imara. Vilevile unene wa mama kabla ya mimba, ambao unaongezeka katika miji ya barabarani kama Mikumi, umehusishwa na mtoto kukosa utulivu na umakini. Lakini watafiti wa Sweden walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, uhusiano huo ulififia. Lishe ni sababu moja kati ya nyingi. Zipo pia kurithi, maradhi, dhiki na ukatili wa nyumbani. Kwa hiyo mzazi mwenye kijana mgonjwa wa akili asiulizwe alikula nini miaka ishirini iliyopita. Swali hilo haliponyi mtu, na aliyekosa chakula hakuchagua kukikosa.

Wanaopaswa kuulizwa ni wapangaji wa huduma. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba wanawake wanne katika kila kumi wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Kampeni ya siku 1,000 huanza kuhesabu mimba inapotungwa. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Yote hayo ni mema, ila msichana wa miaka kumi na minane, anayelima na kuteka maji, hayumo katika hesabu mpaka awe na mimba. Mfumo unamwona kama chombo cha kubebea mtoto. Haujamwona yeye mwenyewe.

Kulirekebisha hilo hakuhitaji jengo jipya. Mama anayeleta mtoto kupimwa uzito, au anayefuata uzazi wa mpango, yuko tayari mbele ya mhudumu. Aulizwe kama anatarajia mtoto mwingine na lini, atazamwe damu, apimwe mzunguko wa mkono. Anayekusudia kushika mimba ahitaji mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, aonwe na daktari mapema kwa dozi na dawa zinazomfaa. Kwa wasichana na wanawake wengine, palipo na upungufu wa damu kama huu wetu, Shirika la Afya Duniani linapendekeza madini ya chuma kila siku kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji iwaite nao, wakiwemo wachumba wanaojiandaa kuoana.

Nyumbani, mbaazi, maharage, mchicha, matembele na dagaa vipo katika masoko ya Kilosa. Embe au chungwa likiliwa pamoja na mboga husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai isubiri saa moja baada ya chakula. Chumvi iwe yenye madini joto, na ifunikwe vizuri. Tangu mwaka 2011 kanuni zinadai unga wa viwandani uongezewe virutubisho, lakini mashine ya kusaga ya kijijini mara nyingi haina kirutubishi, na ndiyo inayolisha wengi. Baba naye ana sehemu yake: asiuze mavuno yote mwezi wa Julai, na nyama isiishie katika sahani yake.

Katika miaka ya 1980 Morogoro na Kilimanjaro ilikuwa mikoa ya majaribio ya kupeleka huduma ya afya ya akili katika zahanati, ili mgonjwa asilazimike kusafiri hadi Mirembe. Wazo hilo lilikuwa sahihi: huduma imfuate mtu aliko. Sasa imfuate mapema zaidi, imkute msichana wa Masanze akiwa bado shambani mwezi wa Februari, kabla hajawa mama wa mtu.