Sindano Itangulie Mvua

Mwezi wa tisa ukikaribia kwisha, Bukama hujaa moshi wa nyika zilizochomwa, na mazungumzo ya mashambani huwa juu ya mbegu. Nani amebakiza karanga za kupanda, nani ameshakula mahindi yake ya mbegu, miti ya mihogo itapatikana kwa nani, mvua itaanza lini. Ni mazungumzo ya lazima, kwa kuwa familia inayokosea Oktoba na Novemba hulipa kwa njaa hadi mahindi mapya yakomae. Lakini kuna walio uani ambao hesabu hiyo huwasahau: mbwa anayelala mlangoni pa jiko, paka wa ghalani, kuku na vifaranga vyao, bata, mbuzi wawili watatu waliofungwa nyuma ya nyumba. Wao pia wanauingia msimu mpya, tena bila maandalizi. Hoja yangu ni kwamba kuwachanja wanyama hawa ni kazi ya shamba sawa na kulima na kupanda, na kwa jimbo letu la Haut-Lomami wakati wake ni Septemba, kabla ya mvua ya kwanza. Kuiona kuwa ni anasa ya watu wa mjini ni kosa linalotugharimu chakula, karo za shule na mara nyingine uhai wa mtoto.

Nianze na kuku, kwa sababu ndiye akiba ya kaya nyingi. Elimu ya msingi ilifanywa ya bure nchini Kongo mwaka 2019, lakini daftari, sare na karo ya sekondari bado hutafutwa, na zinapokosekana anakamatwa kuku. Vivyo hivyo kwa dawa ya malaria, nauli ya treni au mgeni aliyefika ghafla. Shule hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, wakati uleule familia zinapotafuta fedha za mbegu, hivyo kuku wengi huuzwa kwa pamoja na kusafirishwa. Tangu reli kutoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilipofika Bukama mwaka 1918, mji huu umekuwa mahali treni inapokutana na vyombo vya mto Lualaba, na bidhaa nyingi zinazotoka maziwa ya Upemba kwenda miji ya migodi hupitia hapa. Ugonjwa wa kuku husafiri njia hiyohiyo. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huenea kwa kinyesi, kwa kamasi, kwa matenga na viatu, na hasa kwa kuku mgonjwa anayewahishwa sokoni kabla hajafa. Kuku hupinda shingo, huharisha kijani, na ndani ya siku chache kundi zima linaweza kwisha. Ugonjwa huu ukishaingia, hauna tiba. Hasara huwa kubwa zaidi kwa sababu ya majira yenyewe: mvua za kwanza huleta kumbikumbi, panzi na majani machanga, chakula ambacho hakimgharimu mwenye shamba hata faranga moja. Kaya iliyopoteza kuku wake Septemba inakiona chakula hicho kikipotea Novemba bila kuwa na wa kukila.

Kinga ya kideri haihitaji hospitali. Kwa miaka mingi wafugaji wa vijijini Tanzania wamekuwa wakitia tone moja la chanjo ya I-2 katika jicho la kila kuku, kila baada ya miezi minne, na ratiba waliyozoea ni Januari, Mei na Septemba. Chanjo hiyo ilitengenezwa Australia kwa kufikiria vijiji visivyo na friji. Huvumilia joto kuliko nyingi zilizoitangulia, na mwanakijiji asiye daktari anaweza kuitia baada ya mafunzo mafupi. Kwa kuwa chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, majirani hulazimika kuleta kuku wao siku moja, na hapo kijiji kizima hukingwa pamoja. Kwa mbuzi nako iko chanjo ya ugonjwa wa sotoka, ambayo sindano yake moja hukinga kwa takriban miaka mitatu. Hilo halihitaji mjadala mrefu.

Mbwa ndiye anayehitaji mjadala, maana ndiye tunayemdharau kuliko wote na ndiye tunayemtegemea kuliko tunavyokiri. Mahindi yanapoanza kubeba, yeye ndiye anayewafukuza nyani, nguruwe-mwitu na simbiliki. Mtoto akitumwa kuamia ndege, mbwa humfuata. Paka naye analinda karanga za mbegu na mihogo mikavu dhidi ya panya, kazi isiyosifiwa na mtu ila pale inapokosa mfanyaji. Na tusidanganyane kwamba watu wa mashambani hawawapendi wanyama hawa. Wanawapa majina, wanawagawia bukari iliyobaki, watoto wanacheza nao mchana kutwa. Ukaribu huo ni mzuri, na ndio unaofanya chanjo iwe lazima. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba unachelewa kujionyesha. Dalili mara nyingi huanza mwezi mmoja hadi mitatu baada ya kuumwa. Mtoto aliyeng'atwa Oktoba, wakati wote wako shambani, anaweza kuugua Desemba au Januari, kidonda kimeshapona na mbwa ameshasahaulika. Anaogopa maji, mate yanamtoka, anahangaika, na familia isiyokumbuka jino la mbwa inaanza kutafuta sumu au uchawi, hata mzee asiye na kosa akanyooshewa kidole. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Njia ya kumwokoa kabla ya hapo ni moja: kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kupata chanjo ya binadamu, ambayo hutolewa kwa dozi kadhaa katika siku tofauti. Kwa familia ya Kikondja, kando ya ziwa Kisale, kila dozi inaweza kumaanisha safari nyingine ya mtumbwi. Sindano moja ya mbwa kwa mwaka ni nafuu kuliko hayo yote, na inatosha kuukata mnyororo ikiwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa.

Ushahidi uko kwa wasemaji wenzetu wa Kiswahili. Kisiwani Pemba, kampeni za kila mwaka za kuchanja mbwa zilianza baada ya 2010, na kufikia Mei 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimekwisha. Chanjo ikalegea, ugonjwa ukaingia tena mwishoni mwa 2016, chanjo ikarudishwa, na mlipuko huo ukazimwa Oktoba 2018. Mtu atasema Pemba ni kisiwa, nasi tuna barabara, reli na mto. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hatuna ruhusa ya kuchanja mwaka mmoja kisha kupumzika. Pemba yenyewe, pamoja na bahari yake, haikusalimika ilipopumzika.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la njaa: mzazi asiye na uhakika wa chakula cha jioni aambiweje atoe fedha kwa ajili ya mbwa? Nakubali kwamba kichaa cha mbwa ni suala la afya ya umma, na mzigo wake usibebwe na kaya maskini. Chanjo ya mbwa inapaswa kuwa ya bure. Lakini ya kuku ni tofauti, kwani tone la chanjo ni sehemu ndogo sana ya bei ya kuku mmoja, na asiyelilipia analipa kwa kundi zima. Wengine hutaja friji. Mwaka 2017 Haut-Lomami ilipata mlipuko wa polio, na chanjo za watoto zilipelekwa hadi vijiji vya mbali. Masanduku ya baridi na watu waliozoea kuyabeba si kitu kigeni hapa. Tena utafiti uliofanywa na wataalamu waliochanja mbwa kuzunguka Serengeti, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa chanjo yao ilibaki na nguvu hata ilipohifadhiwa miezi sita kwenye nyuzijoto 25 au miezi mitatu kwenye 30. Bonde la Lualaba lina joto, lakini kampeni ya wiki moja haihitaji miezi mitatu.

Wapo pia wanaosema dawa ya mbwa wazururaji ni kuwaua. Imejaribiwa katika nchi nyingi na haikufaulu: nafasi ya waliouawa hujazwa upesi na mbwa wengine wasiochanjwa, na wenye mbwa wazuri huwaficha. Wengi tunaowaita wazururaji wana wenyewe. Mwite mtoto wa nyumba, mpe kamba, atamleta.

Serikali ndiyo yenye wajibu wa kwanza, hilo silipunguzi. Hata hivyo si kila kitu kinasubiri Kinshasa. Lubumbashi ina kitivo cha tiba ya mifugo kinachofundisha madaktari. Zoni ya afya ya Bukama inajua vijiji vyake, makanisa yana matangazo ya kila Jumapili, na mtaalamu wa kilimo huonana na wakulima wakati huu wa mbegu. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa duniani kama siku ya kupambana na kichaa cha mbwa, na kwetu inaangukia palepale panapofaa, mwishoni mwa kiangazi. Siku hiyo meza ya mbegu na meza ya chanjo zikae pamoja. Ili ziwepo, serikali ya jimbo huko Kamina haina budi kutenga fedha mapema na kuagiza chanjo mwezi wa sita au wa saba, barabara zikiwa kavu. Shehena itakayoagizwa Oktoba itakwama matopeni, na itafika kijijini watoto wakiwa wameshaanza kwenda shambani na mbwa wao.