Kabla chama chenu hakijasaini, ulizeni kilichopakwa kwenye sahani

Mwaka 2022 mfuko wa DAP wa kilo 50 ulivuka shilingi 6,000 hapa Kenya, na vijana wengi wakapunguza ekari. Vita vilikuwa Ukraine, gesi ikapanda bei, sisi tukalipa. Sababu ni kwamba amonia, mama wa yurea, CAN na DAP, kwa kawaida hutengenezwa kwa hidrojeni inayotolewa kwenye gesi asilia au makaa ya mawe.

Ndiyo maana ule mtambo mdogo kwenye shamba la Kenya Nut karibu na Naivasha unastahili kuangaliwa. Umeme wa jua unapasua maji, hidrojeni inaunganishwa na nitrojeni ya hewani, amonia inapatikana hapo hapo shambani. Ulibuniwa kutoa tani 1 kwa siku.

Sasa wauzaji watakuja kwa vyama vyetu na picha za paneli. Kwangu mimi, paneli si hoja. Hoja ni kichocheo kilichopakwa kwenye sahani zinazopasua maji, hasa upande unaotoa oksijeni, maana huko ndiko umeme mwingi hupotelea. Kilo 1 ya hidrojeni hula yuniti 50 hadi 55, na tani ya amonia inataka kilo 177 hivi za hidrojeni. Piga hesabu mwenyewe.

Kuna mashine zinazotumia oksidi ya iridiamu. Inafanya kazi vizuri, tena inavumilia asidi, lakini dunia nzima hupata tani 7 au 8 tu kwa mwaka, nyingi kutoka Afrika Kusini. Tutoke kwenye kamba ya gesi tujifunge ya iridiamu? Mashine za alkali zinatosheka na oksidi za nikeli na chuma. Ndiyo, chuma, ndugu wa kutu ya jembe lako. Ni kubwa, na hazipendi umeme wa kupanda na kushuka kila wingu likipita, kwa hivyo bei ya betri iingizwe kwenye hesabu mapema. Bado nazichagua hizo.

Halafu hii "yurea ya kijani" mnayotangaziwa: yurea lazima ipate kaboni dayoksaidi mahali, na viwanda vingi huichukua kwenye gesi ile ile. Muulizeni muuzaji yake inatoka wapi. CAN haitaki hiyo: sehemu ya amonia hugeuzwa kwanza kuwa asidi ya nitriki, ikaunganishwa na amonia nyingine, kisha ikachanganywa na chokaa.

Na mkiletewa mkataba, daini kwa maandishi sahani zitafanya kazi saa ngapi kabla ya kubadilishwa, na nani atalipia mpya.