Hita ya Kupikia Pombe Nyumbani: Wati Nyingi za Nini?

Leo naweka programu kando kidogo tuongee kuhusu stima na maji, vitu viwili visivyopatana, lakini anayetaka kupika bia yake nyumbani bila gesi wala makaa hana budi kuvipatanisha. Kila anayeniuliza kuhusu hita huanza na swali lile lile: wati ngapi? Halafu, kabla sijajibu, anasema anataka kubwa.

Mimi nasema nunua ndogo kidogo, lakini yenye mwili mrefu. Kuna hesabu hapa chini, kwa hivyo shika kalamu.

(Kabla sijasahau: Kenya tuna sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, na leseni ziko mikononi mwa kaunti. Jua umesimama wapi kabla ya kuwasha chochote. Haya, tuendelee.)

Tuanzie ukutani. Soketi zetu ni zile za Kiingereza za matundu matatu, na plagi yake ina fyuzi ya ampea 13. Volti 240 mara ampea 13 ni wati 3120. Basi, huo ndio mwisho wa soketi. Mtu akiona hita ya wati 3000 anafurahi, anaona imeingia ndani ya mpaka. Sasa soma vizuri maandishi yaliyopigwa chuma. Nyingi zimeandikwa wati 3000 kwa volti 230. Ukiichomeka kwenye volti 240 nguvu haiongezeki kwa kiasi kile kile cha volti, inaongezeka kwa mraba wake. Hita hiyo itavuta karibu wati 3270, yaani ampea 13.6. Umeshapita.

Fyuzi haitakatika hapo hapo, na ndio ubaya wenyewe. Itavumilia. Plagi ya bei rahisi itapata moto polepole kwa saa nzima, plastiki ianze kubadilika rangi, na wewe uko jikoni unanusa kimea ukidhani kila kitu ni shwari. Ukiongeza ekstensheni iliyoviringwa kama nyoka chini ya meza, hapo unacheza na nyumba ya watu.

Sasa tupime faida ya huo ukubwa. Lita 25 za maji, kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka. Hapa Nairobi, mita kama 1700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama kule Mombasa. Kazi hiyo inahitaji kilojuli 7750 hivi. Hita ya wati 3000 inaimaliza kwa dakika 43, ya 2500 kwa dakika 52, tukiacha joto linalopotea hewani. Tofauti ni dakika tisa! Dakika tisa ndani ya shughuli inayokula nusu ya Jumamosi. Na tokeni hazijali: uniti za kuchemshia maji hayo ni karibu zile zile, ziende haraka au polepole.

Na kumbuka jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha vitu, volti hushuka. Zikishuka hadi 200, hita ya 2500 inabaki na nguvu ya wati 1700 na ushee. Itachemsha tu, kwa subira.

Hii tamaa ya namba moja kubwa naijua kutoka kazini kwetu. Miaka ya 2000 mwanzoni watu walinunua tarakilishi kwa kuhesabu gigahatsi, na Pentium 4 zikawa zinapiga kelele na kutoa joto kama jiko. Mwaka wa 2006 Intel wenyewe walileta Core 2, gigahatsi chache, kazi nyingi zaidi. Wati ni gigahatsi za wapika bia.

Namba ya kuuliza ni hii: wati ngapi kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi ya hita? Maji matupu hayajali. Maji ya kimea yana sukari na protini, na yakigusa chuma chenye joto kali yanaungua na kuganda pale pale. Ladha ya kuungua ikishaingia haitoki, hata ufanye nini. Kwa wanaojua busaa na wimbi wake, au mtu yeyote aliyewahi kuunguza uji, sina haja ya kueleza.

Dukani hawatakuambia namba hiyo, lakini unaweza kuipata kwa uzi na rula. Fuata koili kwa uzi kutoka mwanzo hadi mwisho upate urefu. Koili yenye unene wa milimita 8 ina mzunguko wa sentimita 2.5. Ikiwa na urefu wa sentimita 50, ngozi yake ni sentimita za mraba 125, na kwa wati 2500 hiyo ni wati 20 kwa kila sentimita. Kali mno, achana nayo. Ikiwa ndefu ya sentimita 130, ile iliyokunjwa mara mbili au tatu, unapata chini ya wati 8. Hiyo ndiyo ya bia. Iwe ya chuma kisichoshika kutu, hata ile nati yake, na nafaka zikae ndani ya mfuko wa kitambaa mbali na koili.

Ile hita ya kutumbukiza ya ndoo ya kuogea? Hapana. Na usiniulize kuhusu koili ya shawa, ile iko uchi ndani ya maji.

Kuhusu usalama sina mjadala. Sufuria ni ya chuma, kwa hivyo waya wa ethi ufungwe kwenye mwili wake kwa boliti, na sakiti iwe na swichi ya kinga inayokata stima kwa uvujaji wa miliampea 30. Kama nyumba ya kupanga haina, mwite fundi wa stima aiweke kwanza. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutumia, kabla ya sufuria, kabla ya kimea.

Wenzangu wa programu najua mtatengeneza kidhibiti chenu. Vizuri. Kihisi cha joto, Arduino, na rilei isiyo na sehemu zinazosogea, ya ampea 25 au zaidi ikiwa na kipoza joto. Ila mambo mawili. Kwanza, rilei hizo zikifa mara nyingi hufa zikiwa zimefunga, yaani hita inabaki imewaka hata programu ikisema zima. Lazima kuwe na swichi ya mkono inayokata nyaya zote mbili. Pili, stima yetu hupotea na kurudi. Programu ikiamka baada ya giza, iamke hita ikiwa IMEZIMWA na isubiri mtu abonyeze. Huenda katikati ya giza umeshamimina kila kitu, na koili kavu huungua kwa muda mfupi sana. Nimeona watu wenye elimu yao wakihifadhi hali ya mwisho kwenye kumbukumbu ili "iendelee ilipoachia". Kwa faili la maandishi, sawa. Kwa hita, la!

Ukienda Luthuli au kokote unakonunua, beba mita. Pima omu kati ya ncha mbili za hita. Gawa 57600 kwa namba hiyo upate wati halisi kwa volti 240. Ukiona omu 23 ni wati 2500, lipa. Ukiona 17 na kitu, ni ile ya ampea 13.6. Kisha pima kutoka ncha moja hadi kwenye mwili wa chuma. Mita ikionyesha chochote kile, hata kidogo, mrudishie muuzaji.