Tununue Spika Kubwa, Tuzipige kwa Upole

Tangu wanafunzi wa zamani walipotangaza kwamba wako tayari kutununulia vyombo vya sauti vya ukumbi, hapana jambo linalobishaniwa zaidi mabwenini. Wako wanaotaka seti ya sinema ya nyumbani, ile yenye visanduku vidogo vitano na sabufa moja, kwa kuwa bei yake ni nafuu na sura yake yapendeza. Wako wanaotaka spika za jukwaani kama zile zinazofungwa Lugogo siku ya tamasha, ili mlima mzima ujue kwamba leo tuna karamu. Na wako walimu wasiotaka hizi wala zile, kwa kuogopa kelele. Mimi ninayo maoni ya nne, nami nawaomba wasomaji, hasa ndugu zetu wakubwa watakaotoa fedha, wayapime kabla ya hundi kuandikwa. Nasema tununue spika za jukwaani, lakini tuzipige kwa upole.

Kwanza yafaa tuikumbuke haja yenyewe. Ukumbi wetu una kazi nyingi: sinema Jumamosi usiku, kwaya, midahalo, michezo ya kuigiza, na hotuba za Siku ya Wazazi. Je, wanaoketi nyuma ni akina nani? Kwa desturi yetu ni wadogo wa Kidato cha Kwanza, na Siku ya Wazazi ni wale waliochelewa kwa sababu wametoka mbali. Yaani wenye haja kubwa ya kusikia ndio wasiosikia. Mama aliyepanda basi alfajiri ili amsikie mwanawe akihutubia, kisha akaona midomo tu ikichezacheza, hakutendewa haki. Jambo hili ndilo tunalotaka kuliponya. Tusiposhika shabaha hiyo, tutanunua sifa badala ya sauti.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana jambo hili halitaki ushabiki. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mtu akizungumza kwa kawaida, ukisimama mita 1 mbele yake utapata desibeli kama 60. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, desibeli 6 hupungua. Na kila utakapo kuongeza desibeli 3, hapana budi nguvu ya amplifaya izidishwe mara mbili. Hapo ndipo wengi wanapoanguka.

Kila spika ina kipimo chake: ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake, itatoa desibeli ngapi? Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa kama 86. Spika nzuri ya jukwaani hutoa kama 98. Tofauti ni 12 tu, na asiyejua atacheka. Lakini 12 ni 3 mara nne; basi nguvu yazidishwa mara mbili, tena mara mbili, tena mara mbili, tena mara mbili, jumla mara 16. Tutazame benchi letu la mwisho, lililo mita 16 kutoka jukwaani. Desibeli 24 zimepotea njiani. Hata hivyo spika ya jukwaani, kwa wati 1 tu, itamfikishia mtoto wa nyuma desibeli 74, na kuta zitamwongezea kidogo. Filamu ikifika penye radi au mizinga, panapotaka desibeli 20 zaidi, wati 100 zatosha. Spika ya nyumbani, kwa kazi ile ile, ingetaka wati 1,600, nayo ingeungua kabla ya kufika huko.

Kwa hiyo ukubwa wa spika ya jukwaani si amri ya kupiga kelele. Ni akiba. Lori lililobeba magunia kumi halitoki jasho mlimani. Pikipiki iliyobeba magunia hayo hayo italia njia nzima. Spika ndogo ikilazimishwa hukwaruza, nasi husema "sauti ni kubwa mno", kumbe sauti si kubwa, bali imeharibika.

Tena tusidanganywe na tarakimu zilizobandikwa kwenye maboksi madukani. Ukiona seti ndogo imeandikwa wati 10,000 na mbele yake herufi PMPO, jua kwamba hiyo si nguvu ya kazi. Plagi tunayochomeka ukutani ina fyuzi ya ampea 13, na umeme wetu ni wa volti 240. Zidisha, utapata wati 3,120. Je, hizo nyingine zatoka wapi? Debe tupu haliachi kuvuma. Ulizia wati za RMS, na muuza duka asipojua maana yake, nenda duka la pili.

Ziko faida nyingine. Spika nyingi za jukwaani zina mdomo mpana mfano wa baragumu mbele ya kipande kinachotoa sauti nyembamba. Mdomo huo huielekeza sauti kwa watu, isitawanyike darini na ukutani. Katika ukumbi wa matofali na mabati kama wetu, sauti inayogonga ukuta hurudi ikiwa imechelewa, ikalifunika neno linalofuata. Huo ndio mwangwi unaofanya hotuba isikike kama maji yanayochemka. Anayeketi nyuma hahitaji sauti kubwa zaidi, ahitaji maneno yaliyo wazi.

Wengine watauliza kama spika moja yaweza kutumikia sinema na jukwaa pia. Yaweza, na si jambo jipya. Mwaka 1945 kampuni ya Altec Lansing huko Marekani ilitoa spika za majumba ya sinema zilizoitwa Voice of the Theatre. Baadaye wapenzi wa muziki walizichukua majumbani, na bendi zikazichukua majukwaani. Mwaka 1963 Paul Klipsch wa Arkansas alitengeneza spika ya baragumu iitwayo La Scala, ikatumika katika kampeni ya Winthrop Rockefeller, aliyegombea ugavana wa jimbo hilo mwaka 1964. Spika iliyohutubia wapiga kura ikaja kukaa katika sebule za watu, ikicheza muziki taratibu.

Lakini kwa nini twende Arkansas? Hapa Kampala tunacho chuo cha jambo hili ambacho watu hawakiheshimu, nacho ni kibanda cha video. Katika kibanda, filamu ya kigeni huonyeshwa na mfasiri aitwaye VJ huieleza kwa Kiganda. Siku hizi ma-VJ wengi hurekodi maelezo yao kabla, lakini desturi ilianza kwa VJ kukaa ndani pamoja na watazamaji, maikrofoni mkononi. Wanaojua filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga mwaka 2010, wanajua jinsi VJ Emmie anavyoongea juu ya bunduki na helikopta. Basi fikirini kazi ya spika ya kibanda: sauti ya filamu na sauti ya mtu aliye hai, kwa pamoja, katika chumba kilichojaa watu. Hiyo ni sinema na jukwaa ndani ya sanduku moja. Mwenye kibanda ameligundua hilo bila kusoma kitabu cha fizikia, ndiyo maana aghalabu hutafuta spika ya jukwaani hata kama ni kuukuu.

Walakini kibanda chatufundisha pia kosa la kuepuka. Vibanda vingi huweka spika chini, mbele ya benchi la kwanza. Aliye mita 1 kutoka kwenye spika anapigwa na desibeli 24 zaidi ya aliye mita 16. Ili wa nyuma asikie, wa mbele lazima aumizwe. Dawa yake ni kuipandisha spika. Tukiifunga juu, mita 4 hivi kutoka kichwani mwa anayeketi, na kuiinamisha ielekee mabenchi ya nyuma, wa mbele atakuwa mita 5 kutoka kwake na wa nyuma kama mita 16 na nusu. Tofauti yao itashuka hadi desibeli 10 hivi. Ngazi, minyororo ya chuma na fundi mwaminifu wa kuifunga isimwangukie mtu: hayo yametupa faida kuliko kununua amplifaya ya pili.

Sitaficha kasoro za spika hizi, maana mwenye kusifu tu ni dalali. Sauti nzito ya chini kabisa hawana nguvu nayo: nyingi huanza kupungua penye hezi 50 au 60, na filamu hushuka chini ya hapo. Kwa hiyo sabufa moja ya kweli yatakiwa. Tena, kwa kuwa spika hizi ni nyepesi kuamka, hata mvumo mdogo wa amplifaya husikika ukiketi karibu, na amplifaya za jukwaani zina feni zinazopuliza. Katika sebule ya mita tatu jambo hili huudhi, na anayetaka kuweka spika za tamasha sebuleni kwake Ntinda nitamshauri afikiri mara mbili. Katika ukumbi wa watu mia tatu halisikiki. Mwisho, sura yake si nzuri; ni masanduku meusi. Lakini hatukuambiwa tuyaoe.

Nabakiza hofu ya walimu, nayo ni hofu ya haki. Chembe za sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, na daktari hana mbegu ya kupanda. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani husema sikio lastahimili desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, filamu ya saa 2 isizidi wastani wa 91, na kwa desibeli 100 unazo dakika 15 tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba katika kumbi za muziki wastani usipite 100. Mwenzetu anayetoka tamashani masikio yakilia "nziii" mpaka asubuhi, na kujisifu kwa hilo, anajisifu kwa jeraha.

Na wako majirani. Kampala ni mji wa vilima, na sauti huvuka bonde bila kuomba ruhusa. Wazee waliitumia hali hiyo kwa hekima: ngoma za Namirembe ziliita watu kanisani, kisha zikanyamaza. Siku hizi baa, nyumba ya sala na kizindaalo juu ya mlingoti hushindana usiku kucha, na mgonjwa hana pa kugeukia. Kanuni za nchi yetu za mwaka 2003 juu ya kelele ziliweka kipimo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa mitaa ya makazi. Shule inayowafundisha vijana sheria haiwezi kuivunja kila Jumamosi. Hapa pia baragumu ni rafiki: sauti inayoelekezwa kwenye mabenchi haina haja ya kutoka dirishani. Sabufa ndiyo inayovuka kuta, basi hiyo ishushwe kabla ya saa nne za usiku.

Shauri langu kwa wanafunzi wa zamani ni hili. Nunueni spika tatu za jukwaani za aina moja, na sabufa moja. Moja ikae katikati, juu ya pazia la sinema, maana katika filamu mazungumzo mengi hutoka katikati. Mbili zikae pembeni, ziweze kuteremshwa na kupelekwa uwanjani siku ya michezo. Fedha zitakazosalia zisiende kwenye spika ya nne. Ziende kwenye maikrofoni mbili nzuri, mapazia mazito ya ukuta wa nyuma yatakayomeza mwangwi, na mafunzo ya wanafunzi wanne kila mwaka watakaokuwa wasimamizi wa sauti. Chombo kisicho na mlezi hufa muhula wa kwanza. Tena vijana hao watatoka shuleni na kazi mkononi, kwani mji huu hauishi harusi.

Kabla ya kulipa, mfanyabiashara aombwe alete spika ukumbini, tufanye jaribio. Mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza aketi benchi la mwisho, kwenye kona, na daftari lake. Mwalimu asimame jukwaani na maikrofoni, asome maneno ishirini kwa sauti ya kawaida bila kuyarudia, na wakati huo huo mwenzake aketi benchi la mbele. Wa nyuma akiandika sawasawa maneno kumi na tisa, na wa mbele asizibe masikio, lipeni. Akikosa matano, mfanyabiashara apakie vitu vyake, hata kama vimeandikwa wati elfu kumi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita