TAHARIRI: KUFUNGWA SIO KUFILISIKA



Tangu timu yetu ifungwe fainali ya kombe la tarafa, hapa kijijini hakuna mazungumzo mengine. Kisimani ni penalti, kilabuni ni penalti, hata kwenye foleni ya kupima korosho watu wanabishana kama refa alikuwa na macho au hana. Yangeishia hapo tusingeshika kalamu. Lakini sasa limezuka jingine. Vijana fulani, na wazee wachache wanaowaunga mkono, wanataka mkutano mkuu ukubali ushirika uikopeshe timu fedha za magunia, ili msimu ujao waletwe wachezaji wa mjini, walipwe, na kombe lije huku. Eti tumefungwa kwa ajili ya umaskini.

Ubao huu haupingi mpira. Mwandishi mwenyewe kwenye fainali ile alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ila kabla hatujanyosha mikono, tusikilize habari ya timu moja ya mbali, maana yao na yetu zimefanana kama shilingi kwa ya pili.

Kule Ufaransa, pwani ya kaskazini, uko mji wa bandari unaitwa Calais, wenyewe hutamka Kale. Ukivuka maji kutoka hapo unafika Uingereza. Mwaka 2000 timu ya mji huo ilikuwa daraja la nne, timu ya ridhaa. Wachezaji walikuwa watu wa kazi zao: makuli wa bandarini, makarani na kadhalika. Kocha wao aliitwa Ladislas Lozano. Basi watu hao wakaingia Kombe la Ufaransa, ambalo timu ndogo na kubwa zote hukutana humo, wakaanza kuangusha vigogo. Lille na Cannes za daraja la pili waliwatoa kwa penalti. Strasbourg ya daraja la kwanza wakaipiga 2–1. Nusu fainali wakapambana na Bordeaux, mabingwa wa Ufaransa wa mwaka 1999, wakawafunga 3–1 katika dakika za nyongeza. Daraja la nne hao, jamani!

Fainali ilichezwa tarehe 7 Mei 2000, kwenye uwanja mkubwa wa taifa karibu na Paris, mbele ya watu zaidi ya 75,000. Rais wa nchi, Jacques Chirac, naye alikuwepo. Wapinzani wao walikuwa Nantes, ambao ndio walioshika kombe hilo tangu mwaka uliotangulia. Dakika ya 34 Jérôme Dutitre akaifungia Calais. Wakaenda mapumziko wakiongoza 1–0. Kipindi cha pili, dakika tano tu, Antoine Sibierski wa Nantes akasawazisha. Wakashikana hivyo hivyo mpaka jua kuzama, kama tusemavyo. Dakika ya 90 mchezaji wa Nantes akaanguka ndani ya boksi, refa akapuliza penalti, na wengi waliona ile haikuwa penalti. Sibierski akapiga, wavuni. 2–1, mpira umekwisha.

Hebu mtu ajiweke pale. Umetoka daraja la nne, umebakiwa na dakika chache, unanyang'anywa kwa filimbi ya namna hiyo. Na sasa angalieni kilichofuata. Kepteni wa Nantes, golikipa Mickaël Landreau, kijana wa miaka 20, alipoitwa kupokea kombe hakulinyanyua peke yake. Alimwita kepteni wa Calais, Réginald Becque, wakalinyanyua pamoja mbele ya uwanja mzima. Kepteni wetu siku ile alikuwa wapi? Alikuwa anamfukuza refa kwenye mikorosho, na nusu ya kijiji nyuma yake. Hilo nalo tulizungumze, tusilifunike na habari za umaskini.

Lakini sehemu inayotuhusu sana ni ya baadaye. Sifa zile ziliuweka mji ule juu. Mwaka 2008 ukafunguliwa uwanja mpya wa watu wapatao 12,000, ukapewa jina la kukumbuka safari ile ya kombe. Klabu nayo ikataka kukaa na wakubwa. Fedha hazikutosha, madeni yakaja, na mwaka 2017 klabu ikafilisiwa kwa amri ya mahakama. Uwanja ulibaki, klabu iliyoupatia jina haipo tena. Hatusemi uwanja ndio ulioiua, mambo ya hesabu yana mizizi mingi. Tunachosema ni kwamba Nantes waliwafunga mabao mawili na Calais ikaamka kesho yake ikiwa Calais. Deni lilipowafunga hawakuamka.

Na lile genge la makuli na makarani halikufika fainali kwa kukodi wachezaji. Walifika kwa kuzoeana. Timu yetu ilifika fainali kwa njia hiyo hiyo, vijana wa hapa hapa, jezi za kuazima.

Sasa fedha za magunia. Zile si za kukaa bure sandukuni. Ni makato ya kilo zetu wenyewe, ya kila mkulima, na yule mama mjane mwenye mikorosho sita amekatwa pia. Msimu ukifika ghala halina magunia, korosho zitalala sakafuni zipate unyevu, na unyevu unashusha daraja la korosho. Hapo tutakuwa tumepandisha timu na kushusha mazao. Nani atalipa mkopo ule? Viingilio? Daftari la viingilio vya mwaka huu hakuna aliyeliona bado.

Anayetaka kuchangia timu achangie kutoka mfukoni mwake, mweka hazina wa timu aandike jina na kiasi. Milango ya goli imeoza, na mbao zipo kwa fundi wetu.

Mkutano mkuu ni Jumapili saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa ghala. Habari ya timu ni ajenda ya tatu, baada ya hesabu za ghala. Mweka hazina wa timu aje na daftari. Kepteni naye aje, ana barua ya kumwandikia refa.

Katibu