Vyaelea Calgary, Havijaundwa Bungu

Kila jina la Naheed Nenshi linapotajwa, hakosi kutokea Mtanzania akasema kwa fahari, "Huyo ni wa kwetu." Wazazi wake waliondoka Tanzania mwaka 1971 wakahamia Canada, yeye alizaliwa Toronto mwaka 1972 na kukulia Calgary, jiji ambalo aliliongoza kama meya kuanzia 2010 hadi 2021. Kwa uhusiano huo, tunajigawia sifa ya kazi ambayo hatukuifanya.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Watu wa delta ya Rufiji hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Basi na tuuchunguze ubao mmoja mmoja wa chombo kilichomvusha Nenshi, kisha tujiulize: mtu wa kipaji chake akizaliwa Bungu, wilayani Kibiti, atafika wapi?

Nenshi alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Mount Royal. Hakuwa diwani, hakuwa tajiri, wala hakubebwa na chama. Alijitokeza mwenyewe, akaeleza sera zake, na Oktoba 2010 wananchi wa Calgary wakampa takribani asilimia 40 ya kura katika kundi la wagombea wengi. Akawa Mwislamu wa kwanza kuwa meya wa jiji kubwa nchini Canada. Mwaka 2013 walimrudisha kwa asilimia 74.

Sasa tuje Bungu. Kijana wa hapa mwenye shahada na mawazo mema hawezi kugombea hata udiwani bila kudhaminiwa na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alipigania haki ya mgombea binafsi kwa miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Hukumu imetoka ndani ya nchi yetu, na bado hatujaitekeleza.

Tuseme kijana huyo amekipata chama na ameushinda udiwani. Mwenyekiti wa halmashauri hachaguliwi na wananchi. Huchaguliwa na madiwani miongoni mwao, kama vile meya wa miji yetu. Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye kalamu ya fedha na watumishi, huteuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya vilevile. Huko Calgary, meneja mkuu wa jiji huajiriwa na baraza lililochaguliwa na wananchi, na baraza hilo linaweza kumwondoa. Hapa, aliyechaguliwa humwomba aliyeteuliwa. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka yamefika wilayani, lakini mikononi mwa nani?

Hali hii ina historia. Mwaka uleule aliozaliwa Nenshi, 1972, serikali ilianza kuzifuta serikali za mitaa kwa mpango uliopewa jina la Madaraka Mikoani. Sheria za kuzirejesha zilitungwa mwaka 1982. Zilirudi, lakini zilirudi na kamba shingoni.

Wapo watakaosema Calgary ina utajiri wa mafuta, kwa hiyo ulinganisho si wa haki. Nakubali kuhusu mafuta. Lakini kumruhusu mgombea binafsi kunagharimu pipa ngapi? Wengine watasema jamii yetu haijakomaa kumchagua mtu kwa uwezo wake. Hawa wanawatukana wazee wetu: Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, alichaguliwa mbunge Morogoro na akawa Waziri wa Fedha. Wapigakura walikomaa zamani. Kinachosuasua ni sheria.

Sisemi Nenshi ni malaika. Wapinzani wake walimwona mwenye majivuno, na ushindi wake wa 2017 ulikuwa mwembamba. Aliunga mkono jiji lake kuomba kuandaa Olimpiki ya majira ya baridi ya 2026. Novemba 2018 wananchi waliulizwa kwa kura, zaidi ya nusu wakakataa, na mpango ukafa. Hapo ndipo penye somo: meya alitaka, watu hawakutaka, na watu wakashinda.

Juni 2013 mito ya Bow na Elbow ilifurika, na makumi ya maelfu ya wakazi wakahamishwa. Nenshi alikesha akizungumza nao mfululizo, hadi wakaanza kumsihi mtandaoni akalale. Aprili 2024 Rufiji nayo ilifurika. Mashamba na nyumba vilizama Rufiji na Kibiti, na mjadala mkali ukazuka kuhusu maji yaliyofunguliwa katika Bwawa la Julius Nyerere. Je, ni kiongozi gani mwananchi wa delta angeweza kumwajibisha kwa kura yake kuhusu bwawa, tahadhari na misaada? Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuhusishwa na lolote!

Na tusisahau uzito wa cheo hicho hapa Kibiti. Kati ya 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa katika ukanda huu. Wapo waliolipa kwa damu kwa ajili ya ofisi isiyo na bajeti wala sauti. Jamii inayodai mtu aihatarishe roho yake kwa ajili ya wadhifa inawajibika kuupa wadhifa huo mamlaka ya kweli.

Kwa hiyo madai yangu ni matatu: mgombea binafsi aruhusiwe, meya na mwenyekiti wa halmashauri wachaguliwe moja kwa moja na wananchi, na mkurugenzi aajiriwe na baraza, awajibike kwa baraza. Mtumishi wa umma unayesoma haya, unajua kwamba ninasema kweli. Mwanafunzi, yaulizie haya kabla hujaombwa kura tena.

Hadi hapo, tuache kumwita Nenshi wa kwetu. Wa kwetu yuko Bungu, na mlango wake umefungwa.