Bajeti inapigiwa kura Kinshasa, barabara inaharibika Butembo: feza inapita njia gani?

Kila mwaka, tarehe 15 mwezi wa 9, Bunge la taifa linafungua kikao chake cha pili Kinshasa. Watu wengi wanakiita kikao cha bajeti, na kinapashwa kufungwa tarehe 15 mwezi wa 12. Hiyo miezi mitatu ndiyo pia miezi ya mvua nyingi Beni na Butembo. Wakati wabunge wanasoma makaratasi ya hesabu, makamiyo yanazama katika potopoto, bei ya usafiri inapanda, na wamama wanaoleta makabichi na viazi kutoka Lubero wanafika sokoni na bidhaa iliyoanza kuoza.

Ndiyo maana swali la wakaaji linarudi kila mwaka: Kinshasa inapiga kura ya miliari juu ya miliari, mbona barabara haibadiliki? Feza inapotelea wapi? Jibu si moja, kwa sababu feza ya barabara haitoki katika mfuko mmoja. Iko mifuko mine, na kila mfuko una wakubwa wake. Mutu asiyeijua hawezi kujua abishe mlango gani.

Mfuko wa kwanza: bajeti ya taifa

Katiba, katika kifungu cha 126, inaomba serikali ipeleke muswada wa bajeti ya mwaka unaofuata mbele ya tarehe 15 mwezi wa 9 kupita. Wabunge wa taifa wanauchunguza kwanza, kiisha wasenateri, halafu Rais anatia sahihi. Bajeti ya mwaka 2025 ilipita miliari 51 000 za franka za Kongo.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kura ya Bunge inatoa ruhusa ya kutumia feza. Haitoi feza yenyewe. Ni kama kamati ya ndoa: kila mutu anaandikisha ahadi yake katika daftari, lakini siku ya kununua mchele, daftari haifiki sokoni. Ili feza ya barabara itoke, sherti ipite hatua ine: engagement, liquidation, ordonnancement, kiisha malipo. Kazi inaweza kuwa imeandikwa katika bajeti, ikasimama kwenye hatua ya pili ao ya tatu, na mwaka ukaisha.

Tena mfuko huu njo unalipa vita. Bunagana ilianguka mikononi mwa M23 tarehe 13 mwezi wa 6 mwaka 2022, na Goma mwezi wa 1 mwaka 2025. Serikali ilipoteza feza ya douane pale, na matumizi ya jeshi yakapanda. Katika hali ile, barabara ndiyo inangojeshwa mbele ya vingine vyote.

Lakini iko jambo moja ambalo wabunge wa eneo hili wanaweza kulisema kwa nguvu. Kasindi njo mlango mkubwa wa douane ambao umebaki mikononi mwa serikali katika Kivu ya Kaskazini. Bidhaa inayoingia pale inapita barabara ya Beni na ya Butembo. Mwenye kutengeneza barabara hiyo hasaidii tu wakaaji, anachunga pia feza ya taifa.

Mfuko wa pili: sehemu ya jimbo

Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inapashwa kubakizwa pale pale inapokusanywa. Sheria ya mwaka 2008 inaongeza kwamba katika sehemu hiyo ya jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komini, sekta na shefferi. Kwa hesabu rahisi: kwa kila franka 100, franka 40 ni za jimbo, na ndani yake franka 16 zinapashwa kushuka mpaka chini, kwenye miji kama Butembo na Beni, komini zake, na shefferi kama Bashu.

Sivyo inavyofanyika. Feza inapanda kwanza Kinshasa, halafu inarudi kwa jina la rétrocession, kidogo na kwa kuchelewa. Majimbo yote yanalia juu ya jambo hili tangu Katiba ya 2006 ianze kutumika. Meya ao bourgmestre asiyejua feza itafika mwezi gani hawezi kupanga kazi ya caniveau mbele ya mvua.

Kivu ya Kaskazini ina tatizo lingine. Tangu mwezi wa 5 mwaka 2021, état de siège imeweka jimbo chini ya utawala wa kijeshi, na Bunge la jimbo likasimamishwa. Bajeti ya jimbo haipiti tena mbele ya watu waliochaguliwa. Tangu Goma ianguke, gavana anafanyia kazi Beni, na wakaaji wa Beni wanaweza kuona mlango wa ofisi yake. Lakini pahali pa kumuuliza wazi, "Feza ya barabara ilitumiwa namna gani?", hapako.

Mfuko wa tatu: FONER

FONER ni mfuko wa taifa wa kutunza barabara, uliotengenezwa kwa sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2008. Unaishi kwa vitu viwili: sehemu ya bei ya mafuta, na péage. Kwa hiyo, mwenye motari anayejaza tanki, na dereva anayesimama kwenye kizuizi cha péage, wote wawili wanachangia.

Inafaa kuelewa kwamba feza hii ni ya kutunza, si ya kujenga barabara mpya. Na wanaofanya kazi si wale wale: barabara kubwa za taifa, kama RN2 inayotoka Lubero mpaka Beni, ama RN4 inayotoka Kasindi mpaka Beni na kuendelea Komanda, ziko chini ya Office des Routes. Barabara za ndani ya muji na mifereji ya maji ziko kwa OVD. Kulaumu Office des Routes juu ya avenue ya katikati ya Butembo ni kubisha mlango wa jirani.

Mfuko wa ine: mkataba na Uganda

Tarehe 16 mwezi wa 6 mwaka 2021, Rais Tshisekedi na Rais Museveni walikutana kwenye mpaka wa Kasindi na Mpondwe kufungua kazi ya kilometa 223: Kasindi mpaka Beni 80, Beni mpaka Butembo 54, na Bunagana mpaka Goma kupitia Rutshuru 89. Kazi ilipewa kampuni ya Dott Services ya Uganda. Vita ilikata njia ya Bunagana mwaka uliofuata. Zikabaki zile mbili za Grand Nord.

Mbele ya kazi kuanza, mwezi wa 12 mwaka 2020, wabunge wa Uganda walipiga kura ya shilingi bilioni 200 juu ya barabara hizi. Wako waliokataa, wakiuliza kwa nini feza ya Uganda ijenge Kongo wakati vijiji vyao havina barabara. Mjadala ulikuwa wazi, kila mutu akaufuata.

Mkataba huu hauhusiani na fidia ya dola milioni 325 ambayo Mahakama ya kimataifa ya La Haye iliomba Uganda ilipe mwaka 2022 juu ya vita vya zamani. Barabara ina mkataba wake na feza yake, na kampuni iliyoweka feza inatazamia kuirudisha kwa péage. Ndiyo maana dereva ana haki ya kujua, kwenye kila kizuizi, karatasi anayopewa ni ya nani: ni ya FONER, ya kampuni, ama ya mutu mwingine?

Swali gani, kwa nani?

Viongozi wanasema mara kwa mara kwamba usalama mdogo njo unazuia kazi. Ni kweli kwa upande fulani. Kwenye njia ya Beni–Kasindi na ile ya Eringeti–Komanda, ADF imeua watu na kuchoma magari, na pengine watu wanapita tu kwa convoi. Lakini ADF haielezi mufereji uliozibika katikati ya muji, wala rétrocession isiyofika.

Kwa kuwa Bunge la jimbo limefungwa, waliochaguliwa wanaobaki ni wabunge wa taifa na wasenateri. Katiba inawapa silaha zao: swali la mdomo ao la maandishi, interpellation, tume ya uchunguzi. Wakirudi nyumbani kwa likizo kisha kikao, mashirika ya raia, wafanya biashara na wamotari wanaweza kuwauliza mambo matatu. Kwanza: ni mustari gani wa bajeti unaotaja RN2 ao RN4? Pili: kwa feza iliyopigiwa kura mwaka uliopita, kiasi gani kililipwa kweli? Hesabu hiyo ipo, kwa maana Cour des comptes inapashwa kuileta mbele ya Bunge kila mwaka. Tatu: péage ya eneo hili inaingiza ngapi, na ngapi inarudi kwenye barabara hii?

Wakaaji wa Butembo wanajulikana kwa salongo na kwa kuchanga. Wamejaza mashimo kwa mikono yao, na watajaza tena. Lakini mutu aliyelipa kwenye mafuta, akalipa kwenye péage, akalipa kwenye douane, kiisha akashika jembe mwenyewe, amelipa barabara moja mara ine. Mbunge anayemuomba kura anapashwa kumuonyesha hesabu.